Mgonjwa asipotee njiani: jinsi ya kuunganisha nyumba, zahanati na hospitali wakati wa janga

Mwaka 2021 mzee mmoja wa mtaa wetu alilazwa siku 11 kwa COVID-19. Aliwekewa oksijeni, akapewa dawa ya deksamethasoni, akapata nafuu, na Ijumaa jioni akaruhusiwa. Zahanati yetu haikuambiwa. Mhudumu wa afya wa mtaa wake hakuambiwa. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, na deksamethasoni hupandisha sukari, lakini karatasi aliyorudi nayo haikusema lolote kuhusu vidonge vyake vya zamani. Jumatano asubuhi mjukuu wake alitujia mbio: "Babu anaongea maneno hayaeleweki." Tulipompima, mashine haikutoa hata namba. Iliandika tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Alirudishwa hospitali, na alhamdulillahi akapona mara ya pili.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Wodi ilimtibu vizuri. Sisi nasi tulikuwepo, mlango wazi, mashine na dawa tunazo. Mzee aliangukia katikati, pale mkono mmoja ulipomwachilia kabla mwingine haujamshika. Tangu siku hiyo, kila nikiulizwa wadi (yaani eneo la utawala lenye mitaa kadhaa, si wodi ya hospitali) ijiandae vipi kwa janga, naanzia hapo katikati: kati ya nyumba na zahanati, kati ya zahanati na hospitali, na hasa kati ya hospitali na nyumbani.

Mwongozo huu ni wa muuguzi msimamizi wa zahanati, afisa wa afya ya jamii, kamati ya kituo, mzee wa mtaa, na yeyote atakayejikuta ameshika simu wakati watu wanaugua kwa wingi. Mifano yangu ni ya Pwani ya Kenya na ni ya COVID-19, kwa kuwa ndiyo niliyoifanyia kazi. Namba za dalili zitabadilika ugonjwa ukiwa mwingine. Mpangilio wa kupokezana mgonjwa hautabadilika sana.

Hatua ya 1: Chora ramani ya mikono

Kenya ina ngazi 6 za huduma. Ya 1 ni jamii yenyewe, nyumba kwa nyumba. Ya 2 ni zahanati, ya 3 kituo cha afya, ya 4 hospitali ya kaunti ndogo, ya 5 hospitali ya rufaa ya kaunti, na ya 6 ni hospitali za kitaifa. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 inataka vituo vidogo viungwe kwenye mtandao mmoja, hospitali ya ngazi ya 4 ikiwa kitovu. Kwenye karatasi mpango huo ni mzuri. Kazi yako ni kuupa majina ya watu na namba za simu.

Chukua karatasi kubwa ya manila. Chora wadi yako: mitaa, zahanati, barabara inayopitika mvua ikinyesha, na ile isiyopitika. Kila kitengo cha afya ya jamii hukusudiwa kuhudumia watu wapatao 5,000, na kila mhudumu hupewa nyumba kama 100, basi andika jina la mhudumu juu ya nyumba zake. Mtaa usio na jina utauona mara moja, na huo ndio wa kuanza nao.

Usiwaache nje watu wanaotibu bila kuitwa serikali: kliniki za watu binafsi, wenye maduka ya dawa, wakunga wa jadi, tabibu wa mitishamba anayeaminika. Mtu akianza kukohoa, mara nyingi hukimbilia duka la dawa kwanza. Mwenye duka akiwa na namba yako, na akijua kwamba hutamfungia biashara kwa sababu amekupigia, atakuwa wa kwanza kukwambia mtaa upi umeanza kununua dawa za homa kupita kawaida.

Hatua ya 2: Simu moja, daftari moja

Chagueni namba moja ya simu kwa wadi nzima. Namba iwe ya dawati, isiwe ya mtu. Nimeona mambo yakikwama kwa sababu namba iliyobandikwa msikitini na sokoni ilikuwa ya muuguzi aliyekwenda likizo. Nunueni laini mpya, simu ya kawaida inayokaa na chaji, na betri ya akiba. Pangeni zamu za saa 24 zenye majina, na anayepokea zamu aseme kwa sauti, "Simu ninayo."

Daftari ndilo moyo wa kazi. Mtaambiwa mtumie programu, nayo ni sawa kama ipo na intaneti haikatiki, lakini daftari la karatasi lenye jalada gumu liwepo hata hivyo. Safu zake ni chache: tarehe, jina, umri, mtaa na alama ya nyumba (kwa mfano nyuma ya kisima, mlango wa kijani), simu ya mgonjwa na ya jamaa yake, dalili zilianza lini, magonjwa ya zamani na dawa anazotumia, rangi yake leo (ona Hatua ya 3), na safu ya mwisho ambayo kwangu inazishinda zote. Ipeni kichwa hiki: "Yuko mikononi mwa".

Katika safu hiyo huandikwa jina la mtu mmoja aliye hai. Usiandike "hospitali" wala "zahanati". Andika jina la muuguzi wa zamu, la mhudumu wa mtaa, la dereva akiwa njiani. Jina halikatwi mpaka mtu mwingine aseme, kwa simu au ana kwa ana, "Nimempokea." Siku ya kwanza watu huona ni urasimu. Baada ya wiki mbili hakuna anayetaka kuiacha, kwa sababu saa nane usiku jamaa akipiga simu analia, unafungua ukurasa na unajua umtafute nani.

Kila asubuhi saa mbili someni daftari lote kwa sauti. Dakika 20 zinatosha. Kwa kila jina ulizeni maswali mawili tu: leo anaendeleaje, na yuko mikononi mwa nani? Jina lisilo na jibu ndilo kazi ya kwanza ya siku.

Daftari likae ndani ya kabati lenye kufuli. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata kama isingekuwepo, orodha ya wagonjwa haitumwi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ikivuja mara moja, watu watafunga milango.

Hatua ya 3: Mgawe mgonjwa kwa rangi akiwa bado nyumbani

Mhudumu wa jamii asibebeshwe mzigo wa kutambua ugonjwa. Apewe kazi ya kupima, kuhesabu na kupiga simu. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii, ndio wahudumu hawahawa, wapatao 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa, wengi wana kipima joto, mashine ya presha na ya sukari. Kwa ugonjwa wa mapafu waongezeeni oksimita, kile kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni ya damu kwa asilimia.

Kijani: ana homa au kikohozi, lakini anakunywa, anatembea hadi chooni bila kuhema, na oksimita inasoma 94 kwenda juu. Anabaki nyumbani, anapigiwa simu mara mbili kwa siku.

Njano: oksimita inasoma kati ya 90 na 93, au ana mimba, au ni mzee mwenye sukari, presha au pumu, au anahema akitembea tu ndani ya nyumba. Muuguzi au afisa wa kliniki amwone siku hiyohiyo.

Nyekundu: chini ya 90, au mtu mzima anayevuta pumzi zaidi ya mara 30 kwa dakika, au midomo imebadilika rangi, au amechanganyikiwa, au hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Gari litafutwe sasa hivi.

Watoto wana hesabu yao: pumzi 60 au zaidi kwa dakika chini ya umri wa miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi 5. Mtoto ahesabiwe dakika nzima, akiwa ametulia, nguo ikiwa imefunuliwa kifuani.

Oksimita nayo ina mambo yake. Mikono ya baridi huipotosha. Kwetu Pwani, hina nyeusi na piko kwenye kucha zinaweza kuivuruga, basi jaribu kidole kisichopakwa au cha mguu. Tena imethibitika kwamba mashine hizi wakati mwingine husoma namba ya juu kuliko ukweli kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, yaani kwa karibu kila mtu tunayempima. Kwa hiyo mwanamke anayehema na kutoka jasho huku mashine inasoma 95, amini jasho lake. Muhesabu kama njano na upige simu.

Kwa COVID-19, siku za kuogopa zilikuwa kati ya ya 5 na ya 10 tangu dalili zianze. Mtu alikuwa anasema nimepona, kesho yake anashuka ghafla. Ndiyo maana tarehe ya dalili za kwanza iandikwe kwa usahihi, hata ikibidi kuuliza, "Ilikuwa kabla ya swala ya Ijumaa au baada yake?"

Hatua ya 4: Nyumba igeuzwe wodi ndogo

Juni 2020 Wizara ya Afya ilitoa utaratibu wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio na dalili kali. Ulitaka chumba cha peke yake. Wengi wetu tunaishi nyumba za Kiswahili, vyumba 6 ukumbi mmoja, choo na bafu vya pamoja nyuma uani, na chumba kimoja kina baba, mama na watoto. Ukimwambia mtu huyo ajitenge chumbani, umemwambia jambo lisilofanyika, naye atakujibu "sawa" kwa adabu tu.

Uliza kwanza hali ilivyo. Kisha tafuteni kinachowezekana: kitanda cha mgonjwa kihamie dirishani, watoto walale kwa shangazi kama nyumba ya shangazi haina mzee, mgonjwa atumie choo baada ya wenzake na kisafishwe papo hapo. Kwa kusafishia, jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 ichanganywe kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji kupata mchanganyiko wa asilimia 0.5 wa uchafu mzito kama damu na matapishi, au kikombe 1 kwa vikombe 34 kupata asilimia 0.1 wa kupangusia. Soma chupa, maana si zote zina nguvu sawa. Mtu wa kumhudumia awe mmoja, kijana kiasi na mwenye afya, na wote wawili wavae barakoa anapoingia.

Halafu chakula. Kibarua wa siku akikaa ndani siku 10, nyumba imekaa njaa siku 10, na siku ya tatu utamkuta sokoni. Kabla hujamwambia mtu akae ndani, ujue nani atamletea unga, maharagwe na maji. Vyama vya akina mama, kamati ya msikiti, kanisa na wenye maduka wapangiwe nyumba zao mapema, kila kundi na mtaa wake. Waeleze wazi pia nani atalipa nini. Mwaka 2020 watu waliowekwa karantini ya lazima walidaiwa gharama za kukaa humo, na hofu ya deni iliwafanya wengi wakimbie kupimwa.

Hatua ya 5: Barabara ya dharura

Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Kenya tarehe 27 Machi 2020 na ikaondolewa Oktoba 2021. Kisheria wagonjwa walikuwa na ruhusa ya kutoka. Barabarani hakukuwa na gari, na mwenye gari aliogopa polisi. Jijini Nairobi, Dkt. Jemimah Kariuki alianzisha Wheels for Life, mpango uliowapatia wajawazito usafiri wa bure usiku wa kafyu. Jibu lake lilitokana na kuona kwamba wodi ya uzazi ilikuwa wazi, madaktari wapo, na mama yuko nyumbani hana pa kupandia. Kila wadi inahitaji mpango wa namna hiyo, hata kama ni wa tuktuk 3.

Kaeni na wenye probox, tuktuk na bodaboda kabla ya shida. Kubalianeni bei ya safari, nani analipa mafuta, na pesa itatoka ndani ya siku ngapi. Dereva asiyelipwa safari ya kwanza hatapokea simu ya pili, na simlaumu. Wapeni barakoa, wafundisheni kufungua madirisha yote, na wapatieni barua yenye mhuri wa zahanati na sahihi ya chifu. Peleka nakala kituo cha polisi wewe mwenyewe, uzungumze na mkuu wa zamu. Bodaboda isibebe mgonjwa mwekundu, anaweza kuzimia njiani. Iende kumchukua muuguzi au kuleta mtungi wa oksijeni.

Simu ya kuomba ambulensi au kitanda iwe fupi. Sisi tulibandika mfano huu ukutani:

"Dada, habari za zamu. Nina mzee wa miaka 67, mtaa wa kisimani. Dalili siku ya 7. Oksijeni 86, pumzi 34. Ana presha, anatumia dawa. Tumemlaza kifudifudi na tumempa oksijeni lita 5. Gari linaondoka dakika 10 zijazo. Nani atampokea mlangoni?"

Swali la mwisho ni la lazima. Usikubali jibu la "mleteni tu." Subiri jina, liandike. Na jamaa wakiombwa amana kabla mgonjwa hajaguswa, wajue Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya mwaka 2010: mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kitajwe kwa upole na kwa uthabiti. Mambo ya bima yafuatiliwe na jamaa mwingine huku matibabu yakiendelea.

Sasa oksijeni, ambayo watu wengi huihesabu kwa mitungi badala ya kwa saa. Mtungi mkubwa wa wodini, aina ya J, ukijaa una takriban lita 6,800. Mgonjwa wa lita 5 kwa dakika hutumia lita 300 kwa saa, basi mtungi utamfikisha saa 22 hivi. Akihitaji lita 10, ni saa 11. Mtungi mdogo wa ambulensi, aina ya E, una kama lita 680, na kwa lita 10 kwa dakika umekwisha ndani ya dakika 68. Anayetoka Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, kwenda kisiwani Mombasa asitegemee kufika kivuko cha Likoni kwa mtungi mmoja kama huo. Fanyeni hesabu kabla ya kuwasha injini, mpakie na wa pili. Mashine za kuzalisha oksijeni ni neema kwa zahanati, ila hutoa lita 5 au 10 tu na zinazimika stima ikipotea. Kila mashine iwe na mtungi pembeni yake.

Hatua ya 6: Walinde wagonjwa ambao janga si ugonjwa wao

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hufa bila kuhesabiwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipambana na Ebola huko Kivu Kaskazini na Ituri kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, na ugonjwa huo uliwaua watu 2,287. Dunia nzima iliitazama miji ya huko ya Beni na Butembo. Katika nchi hiyohiyo, mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, surua iliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo, na surua ina chanjo.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hamjapanga hema la wagonjwa wa janga, pangeni mlango wa pili. Mlango mmoja wa wenye kikohozi na homa, mwingine wa kliniki ya wajawazito, chanjo na magonjwa ya kudumu. Kama jengo lina mlango mmoja, gawanyeni kwa saa: chanjo na wajawazito asubuhi, wenye homa mchana, na usafi katikati. Tangazeni msikitini, kanisani na kwenye redio ya mtaa kwamba chanjo inaendelea. Watu wasiposikia, hudhani imefungwa.

Toeni orodha ya wanaotumia dawa za kila siku: presha, sukari, kifafa, selimundu, ARV, kifua kikuu. Aliye imara apewe dawa za miezi 3 badala ya mwezi 1, kama ghala linaruhusu, na mhudumu wa mtaa awapelekee wasioweza kutoka. Bahasha iwe ya kawaida, isiyo na maandishi. Mgonjwa wa ARV aulizwe anapenda kukutana wapi, maana si kila mtu nyumbani kwake anajua. Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki 2 apimwe kifua kikuu hata kama kipimo cha janga kimesema hana, na hata kama kimesema anacho. Magonjwa mawili hukaa ndani ya kifua kimoja.

Wajawazito wa miezi 3 ya mwisho waandikwe kwenye daftari kama njano hata wakiwa wazima. Kila mmoja awe na dereva wake kwa jina, na namba imebandikwa nyuma ya mlango.

Hatua ya 7: Kurudi nyumbani

Mzee niliyemtaja mwanzo alipotelea hapa. Kubalianeni na wodi sharti moja: mgonjwa wa wadi yenu hatoki bila simu kupigwa kwenye dawati lenu. Nenda ukazungumze na muuguzi mkuu wa wodi uso kwa uso, umwachie namba iliyoandikwa kwa kalamu nene. Omba pia waepuke kuwaruhusu watu Ijumaa jioni bila mpango, ingawa najua vitanda vikijaa hawana hiari.

Simu hiyo iulize: alilazwa na nini, ametoka na dawa zipi na kwa siku ngapi, dawa gani za zamani zimesimamishwa na zipi anaendelea nazo, oksijeni yake bila mashine ni ngapi, na arudi kliniki lini. Yote yaandikwe, na safu ya "Yuko mikononi mwa" ibadilishwe hapohapo.

Siku ya kwanza nyumbani, mhudumu afike. Asome dawa zote, za hospitali na zilizokuwa kabatini, na asipoelewa apige simu. Aliyepewa deksamethasoni apimwe sukari, hata kama hajawahi kuwa nayo. Kisha mhudumu arudi siku ya 3, ya 7, wiki ya 2 na wiki ya 6. Mambo ya kutazama: mguu mmoja uliovimba na kuuma, kifua kinachochoma ghafla, homa mpya, kuchanganyikiwa, oksijeni inayoshuka akitembea. Yoyote kati ya hayo yanampeleka moja kwa moja kwenye nyekundu.

Aliyelala wiki mbili amepungukiwa na misuli na anaaibika kwamba hawezi kunyanyua ndoo. Mwambieni ni kawaida. Aanze na kukaa kitini kula badala ya kulishwa kitandani, halafu hadi mlangoni, halafu hadi kwa jirani. Akifanya kazi na kesho yake akaanguka kabisa kwa uchovu, amezidisha, apunguze na aongeze polepole. Akiishiwa pumzi, akae ameinamia mbele, viwiko magotini, avute kwa pua na kutoa taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai. Aliyelazwa sana ageuzwe kila saa 2, na makalio na visigino vichunguzwe vidonda.

Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya hali ya baada ya COVID-19 mwezi Oktoba 2021: dalili zinazokuwepo miezi 3 baada ya ugonjwa kuanza na kudumu angalau miezi 2, bila ugonjwa mwingine wa kuzieleza. Uchovu, kukosa pumzi na usahaulifu ndizo zilizotajwa sana. Mwenye hali hiyo asiambiwe kwamba anajifanya. Tafuteni mtaalamu wa tiba ya viungo hata mwenye kuja mara moja kwa mwezi, na mwandikieni mwajiri barua. Kuna walioona wodini watu wa vitanda vya jirani wakifa usiku, na sasa hawalali. Mhudumu asikilize, asiharakishe, na akisikia maneno ya kutaka kujidhuru amlete zahanati siku hiyo.

Hatua ya 8: Msiba

Familia iambiwe na mtu mmoja waliyemzoea, kabla hawajasikia kwa jirani. Imamu au mchungaji aingizwe kwenye mpango tangu mwanzo, mkubaliane mapema juu ya kuosha, kukafini na kuswalia kwa usalama, na jamaa wangapi wawepo. Mazishi ya haraka, usiku, yaliyofanywa na wageni waliovaa mavazi meupe yaliwaumiza watu mwaka 2020, na aliyeumia hatakupigia simu mtoto wake akiugua.

Hatua ya 9: Wanaofanya kazi hii

Desemba 2020 wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari waligoma Kenya, wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Uwe na mpango wa vituo kufungwa: kituo kipi cha jirani kitapokea, kliniki gani binafsi itafungua mlango. Mhudumu wa jamii asitembee nyumba 100 kwa barakoa moja na ahadi. Posho, nauli na muda wa maongezi vilipwe kwa tarehe inayojulikana. Kila mtu apate siku moja kamili ya kupumzika kwa wiki, na simu apewe mwenzake.

Hatua ya 10: Namba za kila Jumatatu, na kulaza daftari

Hesabuni vitu vinne tu. Wagonjwa wekundu ni wangapi? Ilichukua muda gani kuanzia simu hadi kufika hospitali? Kati ya walioruhusiwa, wangapi walitembelewa siku ya kwanza? Watoto wangapi wamekosa chanjo wiki hii? Mkiona muda wa safari unarefuka, tatizo liko kwa madereva au kwenye malipo yao, nendeni huko. Mkiona walioruhusiwa hawatembelewi, rudini wodini na kalamu yenu nene.

Janga likipoa, msikate laini. Wekeni salio, chajini simu, na Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi mtu mmoja apige namba ile saa nane usiku aone kama inapokelewa. Ramani ya manila isasishwe kila mhudumu anapohama. Vifaa vya oksijeni viwashwe na kupimwa siku hiyohiyo, na kila mtungi usomwe geji yake, namba iandikwe ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na jina la aliyesoma.